Asali kwenye ngozi na nywele: inakufaa wewe, lakini si mtoto wa chini ya mwaka mmoja

Kama umeanza kuacha krimu za dukani na kurudi kwenye asali, mafuta ya nazi na parachichi la kihambani, una sababu nzuri. Mwishoni mwa 2023, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki viondolewe sokoni. Kabla ya hapo katazo liliwagusa tu wenye bidhaa zilizozidi sehemu moja ya zebaki kwa milioni. Hapa Tanzania, tangu Julai 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi.

Lakini sheria humkuta kwanza mwenye kiwanda na mwenye kontena. Haimkuti kirahisi anayekoroga nyumbani, akajaza kwenye kopo, akabandika karatasi yenye picha ya nyuki na neno "asilia". Kadiri watu wanavyoogopa krimu za kung'arisha, ndivyo neno hilo linavyouza. Mkorogo uliotiwa kijiko cha asali bado ni mkorogo. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuumiza figo, tena haibaki kwa aliyejipaka: inahamia kwenye taulo, shuka na mikono, na mtoto unayembeba anaipata bila kupakwa chochote. Kopo lisiloonyesha limetengenezwa wapi na lina nini ndani, liache. Ukiona kwenye orodha maneno mercury, calomel au hydroquinone, liache pia.

Kwa hiyo ukitaka asali, nunua asali yenyewe, si krimu ya asali. Changanya mwenyewe, tumia siku hiyohiyo. Ila kuna mtu mmoja nyumbani ambaye asali haitakiwi kumgusa.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka

Asali, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu hizo zipo kwenye udongo na vumbi, na nyuki huzibeba mpaka mzingani. Si kosa la mfugaji. Mtu mzima akizila hazimdhuru, kwa sababu utumbo wake una bakteria wengine wanaozizuia zisiote. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujafika hapo. Mbegu zinaota ndani yake na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Ugonjwa huu huitwa botulizimu ya watoto wachanga. Ni nadra, lakini ukimpata mtoto unaweza kumfikisha kwenye mashine ya kupumulia. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo.

Unaweza kusema humlishi, unampaka tu. Tatizo ni kwamba mtoto wa miezi minne hana sehemu ya mwili isiyofika mdomoni. Shavu lililopakwa leo linafutwa kwa ngumi, na ngumi inanyonywa. Kwa ngozi kavu ya mtoto, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai huku juu Marangu, Kibosho au Rombo, mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha.

Chuchu zilizochanika ni mahali pengine ambapo asali hushauriwa sana. Usipake. Kamua maziwa yako kidogo, yapake juu ya chuchu na uyaache yakauke, kisha muombe muuguzi wa kliniki aangalie mtoto anavyoshika titi, maana mara nyingi chanzo ni hicho. Kula asali wewe mwenyewe wakati unanyonyesha hakuna shida. Mbegu hazipiti kwenye maziwa. Ukijipaka usoni, nawa uso na mikono vizuri kabla ya kumbeba.

Kazi ngumu zaidi huwa ni bibi. Anataka kumlambisha mjukuu asali kwa kikohozi, au kumpaka kwenye fizi meno yanapoota, na amelea sita kwa asali hiyohiyo, wote wazima. Usibishane naye kuhusu hao sita. Mwambie kwa heshima, "Mama, kliniki wamesema asali isubiri mpaka atimize mwaka." Akishatimiza, asali si tatizo tena.

Na kama ameshalambishwa? Usimtapishe. Mwangalie kwa mwezi mmoja, kwa kuwa dalili huweza kuanza siku ya tatu au zikachelewa mpaka ya thelathini. Mara nyingi huanza kwa kukosa choo siku kadhaa. Kisha ananyonya kwa udhaifu, kilio kinakuwa chembamba, kope zinashuka, shingo haishiki kama zamani. Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe Mawenzi, KCMC au iliyo karibu nawe, na useme wazi kwamba alipewa asali. Neno hilo linamsaidia daktari kujua aanzie wapi.

Kwako wewe inafanya nini

Asali ina sukari nyingi na maji machache, kwa hiyo inavuta unyevu na kuwanyima vijidudu maji. Ina ukali wa tindikali kidogo. Ikikutana na maji, kimeng'enya kilichomo hutoa haidrojeni peroksaidi kwa kiasi kidogo, dawa ileile inayotumika kuoshea vidonda. Joto kali huua kimeng'enya hicho, ndiyo maana asali iliyochemshwa ili ipendeze kwenye chupa imepoteza sehemu ya kazi yake.

Kwenye mba kuna utafiti mdogo wa kutia moyo. Uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuata watu 30 wenye mba sugu na muwasho. Walipaka asali iliyopunguzwa kwa maji ya vuguvugu kidogo, siku moja ndiyo siku moja hapana, wakakaa nayo saa 3 kabla ya kuosha. Muwasho na magamba viliisha ndani ya wiki moja. Watu 30 ni wachache na hakukuwa na dawa ya kulinganisha, lakini kujaribu hakuna gharama. Kwenye chunusi habari si nzuri hivyo. Jaribio la New Zealand lililochapishwa 2016, lenye washiriki 136, halikuona faida ya kuongeza asali juu ya sabuni ya kuua vijidudu.

Usoni, kijiko kimoja cha chai kwenye ngozi yenye unyevu, dakika 10 hadi 15, kisha osha kwa maji ya vuguvugu. Mara mbili kwa wiki inatosha. Kwenye nywele, koroga kijiko kikubwa kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mimina baada ya kuosha, acha kidogo, suuza mpaka nata iishe, kisha paka mafuta yako. Usipoisuuza vizuri, sisimizi watakukumbusha. Mara ya kwanza jaribu ndani ya kiwiko na usubiri siku moja, hasa kama nyuki wakikuuma unavimba sana.

Usiongeze limau wala ndimu. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, yanaunguza na kuacha mabaka meusi kwa wiki kadhaa. Na asali haibadilishi rangi ya ngozi, wala hairudishi nywele za pembeni ya paji zilizong'oka kwa kusukwa kwa kubana. Hizo zinahitaji msusi alegeze mkono.

Kuhusu asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi na chachu inayouzwa ghali kama dawa: ina maji mengi zaidi, huchacha mapema, na kwa kupaka usoni hakuna haja ya kulipia bei hiyo. Kipimo cha kuidondosha kwenye maji au kuwasha kiberiti hakitenganishi asali safi na iliyotiwa sukari. Mfugaji unayemjua anafaa kuliko chupa usiyojua imetoka wapi.

Pale inapokuchelewesha

Mapunye ya mtoto wa shule yako ndani ya mzizi wa nywele. Asali haifiki huko. Hutibiwa kwa vidonge, mara nyingi griseofulvin kwa wiki 6 hadi 8. Ukipaka asali mwezi mzima, wadogo zake wataambukizwa kwa kuchangia kitana na mashine ya kunyolea.

Akiungua kwa uji au chai, weka sehemu hiyo kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu nenda kituo cha afya. Ni kweli kwamba mapitio ya Cochrane ya 2015 yaliona majeraha ya moto yasiyozama sana yakipona siku 4 hadi 5 mapema kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Wagonjwa hao walihudumiwa na wataalamu, na asali ya tiba ya leo husafishwa kwa mionzi. Ya kwenye chupa ya jikoni haijapita huko.

Kama mtoto wako ana ualbino, asali haizuii jua hata kidogo, wala mafuta ya nazi. KCMC mjini Moshi ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kujikinga na jua yaitwayo Kilisun, yaliyoandaliwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na kugawiwa kwao bure kupitia kliniki za ngozi. Ulizia idara ya ngozi hapo KCMC, au muuguzi wa zahanati yako akuelekeze kliniki iliyo karibu. Kofia pana na mikono mirefu vianze leo, kabla ya tarehe ya kliniki.