Mwanga kwa Mgonjwa wa Kutetemeka

Wengi wetu huujua ugonjwa wa Parkinson kwa kutetemeka kwa mikono tu. Lakini wamuuguzao mgonjwa nyumbani wayajua na mengine: usiku hapati usingizi, mchana husinzia, na moyo wake huingiwa na huzuni. Huo si uvivu wala ukosefu wa subira; ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, ambao huivuruga saa ya mwili itambuayo usiku na mchana.

Saa hiyo huongozwa na mwanga uingiao machoni. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani walitangaza jaribio la wagonjwa 31, waliokaa mbele ya taa mara mbili kwa siku, kila mara saa nzima, kwa siku 14. Wa taa kali walipungukiwa na kusinzia mchana kuliko wa taa hafifu. Mwaka 2019, huko Uholanzi, wagonjwa 83 wenye huzuni walijaribiwa pia: usingizi ulitengenea zaidi kwa mwanga mkali, bali huzuni ilipungua sawasawa kwa makundi yote mawili. Basi mwanga ni msaidizi wa dawa, si badala yake.

Kwa hiyo tusimfungie mzee wetu katika chumba cha giza tukidhani twampumzisha. Tumketishe barazani asubuhi, kivulini, wala asilikodolee jua macho. Mwenye maradhi ya macho na amwulize daktari kwanza. Na huzuni ikimzidi, tumpeleke akatibiwe; tusimwambie avumilie tu.