Bitcoin: Ufunguo Anao Nani?

Wako watumishi na walimu wanaouliza: nikituma Bitcoin kwa makosa, nani atanirudishia? Jibu ni fupi: hakuna wa kukulazimishia haki hiyo.

Fedha hii, iliyoanza Januari 2009, haina benki wala karani. Mtumaji hutia sahihi kwa ufunguo wake wa siri; kompyuta zilizotapakaa duniani huukagua muamala wake, kisha huuandika katika daftari la pamoja, ambalo huongezewa ukurasa mmoja kila dakika 10 hivi. Muamala uliokwisha kuthibitishwa hautanguliwi. Apotezaye ufunguo amepoteza mali yake.

Wako wanaohubiri kwamba huu ndio ukombozi wa mnyonge. Tusidanganyike. Februari 2014 soko la Mt. Gox mjini Tokyo lilianguka, likisema limepoteza Bitcoin zipatazo 850,000. Daftari halikuwa na kasoro. Wateja walikuwa wamemkabidhi mtu mwingine funguo zao, naye hakuwa na msimamizi madhubuti.

Ndugu walimu, wananchi watawauliza bei. Wafundisheni kwanza kuuliza: ufunguo anao nani, na akitoroka tutamshitaki wapi?