Akigongwa Kichwa, Atoke: Ndondo za Muheza na Kisa cha Aliir Aliir

Msimu wa ndondo ukifika Muheza, kuna aina moja ya video haikosi kwenye status. Beki anaruka kuwania kona, anagongana kichwa kwa kichwa na mshambuliaji, anaanguka kama gunia la machungwa. Watu wanamzunguka. Mmoja anamwagia maji usoni, mwingine anapepea na jezi, wa tatu anaonyesha vidole na kuuliza viko vingapi. Dakika mbili baadaye jamaa kasimama, anayumba kidogo, uwanja mzima unalipuka, anarudi kucheza. Chini ya video: "Chuma hicho!" "Mwamba kabisa!" Na yule anayeomba kutoka? Huyo ni bishoo, mlaini, akacheze rede na dada zake.

Ukweli usemwe. Huo sio uchuma, ni kucheza kamari na ubongo wa mtoto wa mtu.

Kuna jina moja ambalo wapenda ndondo wangefaa kulijua: Aliir Aliir. Amezaliwa Septemba 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, hapo Kenya tu, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Akiwa na miaka 8 akahamia Australia na familia yake. Kule mpira wanaouzimikia ni wa kwao wenyewe: uwanja una umbo la yai, kila timu ina watu 18, mpira umechongoka pande mbili, unadakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu. Helmeti karibu hakuna anayevaa. Beki kama Aliir kazi yake ni kupaa na kuudaka mpira wa adui hewani, katikati ya miili mitatu minne inayokuja mbio.

Na kazi anaiweza. Sydney Swans walimchukua mwaka 2013, chaguo la 44, akasota mpaka 2016 ndipo akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Mwaka huohuo timu ikaingia fainali, yeye akaikosa kwa sababu ya goti aliloumia nusu fainali. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha mwaka cha nchi nzima. Mtu wa aina hiyo nani atamwita mlaini?

Sasa njoo Julai 2023. Port Adelaide wanacheza dabi ya mji wao na Adelaide Crows, yaani fikiria Coastal Union na African Sports pale Tanga, tena ile ya enzi zake. Aliir anagongana kichwa na mwenzake wa timu moja, Lachie Jones. Wote chini. Anatolewa, daktari anamwangalia, lakini kile kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo hakifanyiki. Anarudi uwanjani. Baada ya mechi dalili zikaanza kujitokeza. Ligi ikaipiga klabu faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiwekwa kiporo.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Klabu ya kulipwa, yenye daktari aliyesomea, kamera kila kona, bado ilikosea. Halafu huku "daktari" wa timu ni jamaa mwenye barafu kwenye mfuko wa rambo, na ndiye anayeamua kwa dakika mbili kwamba fulani yuko fiti!

Shida ya mtikisiko wa ubongo ni kwamba mgonjwa mwenyewe si shahidi wa kuaminika. Ukimuuliza "uko poa?" atasema yuko poa. Wanaokumbuka fainali ya Kombe la Dunia 2014 wanamkumbuka Christoph Kramer wa Ujerumani. Aligongwa kichwa mapema, akaendelea kucheza kama dakika 14 hivi, mpaka alipomuuliza refa kama ile ilikuwa ndiyo fainali. Fainali ya dunia, mtu yuko katikati yake, na hajui! Damu haikutoka, hivyo kwa macho ya jukwaani alikuwa mzima.

Na pigo la pili likimkuta kabla la kwanza halijapona, ubongo unaweza kuvimba, hapo ni kifo au ulemavu. Ndiyo maana ligi ya kina Aliir inamtaka aliyekutwa na mtikisiko akae nje angalau siku 12, hata kama timu inamlilia.

Watakuja wa kusema, hizo ni mambo za nchi zenye hela. Kweli, MRI kila kata hakuna. Lakini kumtoa mchezaji kunagharimu shilingi ngapi? Waandishi wa sheria za soka duniani, IFAB, walianza majaribio mwaka 2021 na kufikia 2024 wakaweka kwenye sheria nafasi ya mashindano kuruhusu mchezaji wa ziada kuingia badala ya aliyegongwa kichwa, bila kula idadi ya mabadiliko ya kawaida. Kamati ya ndondo inaweza kuandika hicho kitu kwenye karatasi moja kabla ya mechi ya ufunguzi. Kinachozuia ni mbuzi wa zawadi, heshima ya mtaa na, tusidanganyane, mikeka ya watu pembeni ya uwanja.

Mchezaji naye ana presha yake. Kasikia kuna mtu kaja kuangalia vipaji, akitoka dakika ya 20 anaona ndoto imekwisha. Kwa hiyo anadanganya, anarudi nyumbani kwa bodaboda, anatapika, analala. Mama anajua mwanawe kachoka na mpira. Kutapika, kichwa kuuma kunakozidi, kuongea vitu visivyoeleweka, usingizi ambao kuamka ni shida: hayo ni ya kukimbizwa Teule usiku huohuo, sio kusubiri asubuhi.

Wadau wa Muheza, Korogwe, Pangani na Tanga mjini: kwenye ndondo ya mtaa wenu, nani mwenye mamlaka ya kumtoa aliyegongwa, refa, kocha au yule mwenye hela ya jezi? Dondosheni komenti.