Zelewski hakuanzia Lugalo

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu vita vya Lugalo, Mjerumani Emil von Zelewski umemwanzia mwishoni. Mwaka 1888 huyo bwana, aliyeitwa Nyundo, alikuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani pale Pangani. Alimdharau liwali wa Sultani wa Zanzibar, watu wake wakaingia msikitini na mbwa, na Abushiri akapata jeshi la kuwapinga Wajerumani. Badala ya kufukuzwa kazi, Zelewski akapandishwa hadi ukamanda wa jeshi la Wajerumani! Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walimmaliza huko Lugalo, mizinga yake ingali imefungwa migongoni mwa punda. Huku Nyabibuye watoto wetu wanakariri Abushiri na Mkwawa kama habari mbili tofauti, kumbe mzungu ni yuleyule. Tafadhali tuandikie na hiyo ya Pangani.