Tumbo la mzee lisipasuliwe kwa kubahatisha

Septemba 1992 mwigizaji Audrey Hepburn, aliyekuwa balozi wa UNICEF, alizunguka vituo vya wenye njaa nchini Somalia. Aliporudi Uswisi tumbo lilikuwa linamuuma. Novemba, madaktari wa Los Angeles walimchungulia ndani wakakuta saratani adimu iliyoanzia kwenye kidole tumbo, nayo ilikwisha kutapakaa. Akafariki tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63. Ikiwa mtu wa uwezo ule alichelewa kujulikana anaumwa nini, bibi wa Nachingwea aliyefika hospitali akiwa amechelewa asigombezwe.

Uvimbe wa tumboni hauna haraka ya kujitangaza. Liposakoma, saratani ya mafuta inayoota nyuma ya matumbo karibu na figo, ina nafasi tele ya kukua, na si ajabu ikagunduliwa imeshapita sentimita 15. Kabla ya hapo mzee ataambiwa ana ngiri, ana vidonda vya tumbo, au kuna mtu kamfanyia jambo. Wengine humtania kwamba ameota kitambi. Tumbo linalojaa huku mashavu na mikono inakonda si kitambi, apelekwe akapimwe.

Shida kubwa zaidi huanza uvimbe unapoonekana. Familia inataka utolewe kesho, na daktari naye anaona nafasi ipo chumba cha upasuaji. Lakini uvimbe unaoshikika kwa mkono hausemi ni wa nini. Unaweza kuwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6, na kisu mara nyingi hakihitajiki. Unaweza kuwa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, ambayo tiba yake kuu ni dawa za saratani. Unaweza kuwa GIST, aina ya saratani inayoota kwenye ukuta wa mfuko wa chakula au wa utumbo na kuwapata zaidi watu wa miaka ya 60. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kuwa GIST nyingi hutokana na hitilafu ya jini iitwayo KIT, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha kidonge cha imatinib kuitibu. Kidonge hicho kinaweza kuusinyaza uvimbe mkubwa kabla ya kuutoa, jambo lenye maana sana kwa sababu GIST ikipasukia tumboni uwezekano wa kurudi hupanda.

Liposakoma ndiyo inayotaka kisu hasa, na upasuaji wa kwanza ndio wenye matumaini makubwa kuliko yote yanayofuata. Hutolewa nzima, pengine pamoja na figo au kipande cha utumbo kilichoshikana nayo. Ikimegwamegwa, hurudi.

Kwa hiyo picha ya CT yenye dawa ya mshipani itangulie, kisha kinyofu cha uvimbe kichukuliwe kwa sindano na kupimwa pale kinapohitajika, kisha bingwa wa upasuaji akae na wenzake wa picha, wa maabara na wa saratani. Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na chuma husambaa. Kwa uvimbe wa nyuma ya matumbo, kinyofu kinachochukuliwa kwa sindano na mtu anayejua njia hakijaonekana kuharibu matokeo.

Na umri? Miaka 75 si ugonjwa. Kinachopimwa ni moyo, sukari, lishe, kama anatembea na kujihudumia, na kama figo itakayobaki inafanya kazi. Mzee imara wa miaka hiyo anaweza kuustahimili upasuaji kuliko mtu wa 55 aliyedhoofu. Asiyeuweza aambiwe ukweli na apewe dawa za maumivu za kutosha. Lakini aulizwe mwenyewe. Wanawe wamezoea kuamua naye akiwa kitandani, masikio yanasikia.

Nyama iliyotolewa nayo ina haki yake. Inatakiwa iingie mara moja kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, fomalini iwe kama mara 10 ya ukubwa wake, ipelekwe maabara ya patholojia. Ikiachwa kwenye maji au kutupwa, mgonjwa anabaki na kovu bila jina la ugonjwa, na dawa ambayo ingemfaa haiwezi kuandikwa.

Wizara za afya za nchi zetu ziweke sharti moja: faili la aliyetolewa uvimbe tumboni lisifungwe bila majibu ya patholojia, na gharama ya kipimo hicho iwe ndani ya bei ya upasuaji, isiachwe kwa ndugu anayehangaika na chupa mkononi.

Nawe msomaji mwenye mgonjwa, kabla ya saini kuwekwa kwenye fomu ya ridhaa uliza uvimbe unadhaniwa ni wa nini na umepimwaje. Baada ya upasuaji uliza nyama imepelekwa maabara gani, na majibu yanatoka lini.