Mzio wa dawa uandikwe kwenye cheti

Mhariri,

Inasikitisha mgonjwa anapoeleza kwamba dawa fulani humtoa malengelenge, akajibiwa kuwa ni woga tu. Mwaka 2001 nchi yetu iliacha klorokwini ikaifanya SP dawa ya kwanza ya malaria, na wengi waliiogopa kwa sababu ya salfa iliyomo, ambayo kwa watu wachache hubabua ngozi hata kuua. Dawa ya mseto ilishika nafasi yake mwaka 2006, lakini salfa haikuondoka: imo kwenye Septrin, na wajawazito bado hupewa SP kliniki. Wapo watakaosema si kila mwasho ni mzio. Kweli, klorokwini iliwawasha wengi bila kuwa mzio. Ila tofauti hiyo hujulikana kwa kuuliza na kuchunguza, si kwa kumkatiza mgonjwa. Foleni nayo si sababu ya kutoandika mzio huo, maana kuandika jina la dawa kwenye cheti cha mgonjwa ni mstari mmoja, na akipewa rufaa kwenda Sumbawanga mjini, daktari asiyemjua atausoma.

Namwomba Mganga Mkuu wa Wilaya asimamie uandikaji huu, na taarifa za madhara ya dawa zifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Msomaji wako,
Muze, Sumbawanga