TUHESABU KAZI KWANZA, NDIPO TUCHAGUE TREKTA

Ndugu wanaushirika,

Ajenda ya trekta inakuja tena kwenye Mkutano Mkuu. Safari hii siyo trekta la kulimia tu. Linatakiwa lenye kijiko mbele cha kuzoa na kupakia, na mkono nyuma wa kuchimbia. Maneno yamekuwa mengi, kilabuni na kisimani. Wapo wanaosema tununue lile kubwa la njano la mtumba, kama la wakandarasi wa barabara, ati likiingia kijijini hata jirani zetu watajua sisi ni nani. Wapo wanaosema hakuna haja kabisa, majembe yapo na mikono ipo.

Sisi tunaona pande zote mbili zinajibu kabla swali halijaulizwa. Swali ni hili: kazi yetu ni ipi, na ni ya siku ngapi kwa mwaka? Fedha tuliyonayo ni akiba ya mahindi na viazi ya misimu mingi. Imekatwa kidogo kidogo kwenye malipo ya kila mwanachama, na wajane wamo. Fedha hiyo haiwezi kutumika kununulia sifa.

Hebu tuhesabu kazi. Mfereji wetu hujaa tope kila masika. Makaravati ya barabara ya ghalani huziba, na lori la mazao hukwama. Samadi iko zizini lakini mashamba yako mlimani, na wanaoipandisha ni akina mama kwa vichwa vyao. Mchanga na mawe ya ujenzi wa shule hupakiwa kwa sepetu. Halafu kuna mashimo ya vyoo, mashimo ya kuvundikia majani ya ng'ombe na mabwawa ya samaki.

Ukiitazama orodha hiyo vizuri utaona jambo. Kazi ya kuzoa, kubeba na kupakia ipo karibu mwaka mzima. Kazi ya kuchimba ni ya majuma machache tu ya kiangazi. Na Novemba mvua zikianza, kila mtu atataka kulimiwa. Kwa hiyo kijiko cha mbele ndicho chenye kazi nyingi. Mkono wa nyuma ni wa msimu, na lazima uwe wa kufunguliwa, ili mahali pake pafungwe jembe la diski au tela.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Viwanda vya Uingereza na Marekani vilianza kuunganisha kijiko na mkono kwenye trekta moja miaka ya 1950, na leo mashine hizi zipo za kila kimo. Zile ndogo kabisa zina nguvu za farasi kama 25, nazo huchimba kina kinachokaribia mita 2. Za wastani, zenye nguvu za farasi 45 hadi 50, huchimba kama mita 3, na uzito wake pamoja na vifaa vyote ni kama tani 3. Lile kubwa la barabarani huchimba zaidi ya mita 4, lakini lina uzito wa tani 7 au 8. Jamani, madaraja yetu ni ya magogo! Likipita mara ya kwanza tutapiga makofi, na mara ya pili tutakuwa tunatafuta winchi ya kulitoa mtoni. Tena lile halikutengenezwa kwa kulima. Novemba litakaa chini ya mti likitutazama.

Ndogo kabisa nayo tusidanganyike kwa bei yake. Ndoo moja ya lita 20 ya mchanga mbichi ina uzito unaozidi kilo 30. Mashine ambayo kijiko chake kinainua kilo 300 haitainua hata ndoo kumi za mchanga kwa mara moja. Kwa mtu mwenye bustani yake hiyo inatosha, ila kwa kijiji kizima ni kujichosha.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: la wastani, nguvu za farasi 45 hadi 50, linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu milima yetu na utelezi wetu tunaufahamu. Na mkono wa kuchimbia ushikwe na fremu yake ya chuma inayopita chini ya trekta. Upo mkono unaoning'inizwa tu pale panapofungwa jembe. Huo ni rahisi kwa bei, lakini nguvu yote ya kuchimba huishia kwenye gamba la gia, nalo huweza kupasuka. Gamba likipasuka, trekta limekwisha kuwa chuma chakavu.

Wale wanaosema majembe yanatosha, hawajabeba samadi. Lakini wana hoja moja ya haki, kwamba nchi hii imekwisha kuona matrekta mengi yakifa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga pale Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliletwa yakiwa yamekwisha tumika, mengine ni mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa ni mgumu wakati wa kiangazi, mafundi walikuwa wachache na spea zilikuwa mbali. Mwaka haukuisha, sehemu kubwa ya mashine zile zilikuwa zimeharibika. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, baada ya kumeza zaidi ya paundi milioni 30. Basi tukumbuke: waliokuwa na fedha nyingi kuliko sisi walishindwa na udongo, ufundi na spea. Ndiyo maana Mwalimu Nyerere alihimiza mara nyingi maksai na plau. Siyo kwamba alichukia mashine, ila mashine isiyo na fundi ni mzigo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei tuulize spea. Pampu ya haidroli ikifa, au paipu ya oili ikipasuka, itapatikana Iringa au Mbeya mjini, au ni mpaka Dar es Salaam? Fundi anayeijua mashine hiyo yuko wapi, na atafika kijijini kwa siku ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu kwa maandishi, tuagane naye kwa heshima. Nafasi nzuri ya kuuliza ni Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, ambako wauzaji huleta mashine zao. Wajumbe wetu wasiende kupiga picha. Waombe mashine iwashwe, kijiko kiinuliwe na mzigo, halafu wasimame dakika kumi waone kama kinashuka chenyewe au oili inavuja.

Dereva naye asiteuliwe kwa sababu ni mpwa wa mtu. Apelekwe kusoma. Mashine hizi huua haraka kwenye miteremko. Kijiko chenye mzigo hubebwa chini chini, siyo juu kama bendera. Mkono wa nyuma ukifunguliwa, lazima uwekwe uzito mwingine nyuma, la sivyo trekta linaweza kupinduka. Fremu ya kinga juu ya kiti isikatwe kwa sababu yoyote, na mkanda ufungwe. Na mtaro ukizidi kimo cha kifua, mtu asiingie ndani bila kuta kushikizwa kwa mbao, maana udongo hauna taarifa.

Lipo na jambo zito zaidi, nalo ni maji. Mtaro ambao vijana ishirini huuchimba kwa juma zima, mkono ule unaweza kuumaliza kwa siku chache. Hiyo ni neema, lakini ni hatari pia. Mtu mwenye tamaa anaweza kukausha bonde zima la vinyungu kabla kamati haijaketi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na sote tunajua habari za Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi kwa ajili ya maji kuchotwa kupita kiasi huko juu. Tunapendekeza mashine isiende bondeni bila karatasi ya kamati ya maji, hata kama anayeomba ni mwenyekiti au ni sisi wenyewe.

Mwisho ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Trekta lina mita ya saa, basi anayekodi alipe kwa saa, siyo kwa siku wala kwa kujuana. Tuseme kwa mfano linakunywa lita 5 za dizeli kwa saa na linafanya kazi saa 6. Hizo ni lita 30 kwa siku moja. Zidisha kwa bei ya kituoni, ongeza posho ya dereva, oili, grisi, na fungu la spea linalowekwa benki kila mwezi. Hesabu ikionyesha kwamba wanachama hawawezi kulipa kiasi hicho, basi tukodi mashine kwa kiangazi kimoja tupate uzoefu, na akiba yetu ibaki salama. Kukodi siyo aibu. Aibu ni kuacha chuma cha mamilioni kuwa kiota cha kuku.

Ndugu, sisi tulijifunza hesabu ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, chini ya taa ya chemli. Hesabu hizi siyo ngumu kuliko zile. Kila mwanachama aje mkutanoni na karatasi yake imeandikwa mambo mawili: kazi ambayo angeipa mashine, na saa ambazo yuko tayari kuzilipia. Tutajumlisha mbele ya watu wote, ubaoni. Jumla hiyo ndiyo ituchagulie trekta.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Tawi